Angani Kuna Mipaka

Muulize mtu safari ya ndege kati ya miji miwili huchukua muda gani. Atatafuta kilomita, atazigawa kwa 900, atakupa jibu bila kusita. Anaamini ndege hukata moja kwa moja, maana huko juu hakuna mlima, hakuna foleni, hakuna kizuizi cha polisi. Imani hiyo ni potofu, na inatufanya tuwalaumu wasiohusika.

Tazama Helsinki na Tokyo. Kati yake ni kilomita kama 7,800, jana na leo. Hadi mwanzoni mwa 2022 ndege za Finnair zilikatiza Siberia na kufika kwa muda wa saa 9 na nusu hivi. Februari ile Urusi ikaivamia Ukraine. Ulaya ikazifungia anga ndege za Urusi, na Urusi ikalipiza. Safari ikawa ya saa 13. Kwenda Tokyo, iliyoko mashariki, rubani alielekea kaskazini, akavuka Ncha ya Kaskazini, kisha akateremka upande wa Alaska. Njia hiyo haikuwa ngeni: shirika hilohilo lilianza kuipita mwaka 1983, kwa DC-10, ili kuikwepa anga ya Kisovieti.

Upepo nao una kauli yake. Februari 2020, wakati wa kimbunga Ciara, ndege ya British Airways ilisukumwa na upepo kutoka New York hadi London kwa chini ya saa 5. Wanaokwenda upande wa pili huupiga upepo huo kifua.

Lakini upepo hauna kinyongo, serikali zinacho. Ibara ya kwanza ya Mkataba wa Chicago wa 1944 inaipa kila nchi mamlaka kamili juu ya anga yake, na sisi Waafrika tulipaswa kulijua hilo kuliko wengine. Kuanzia 1963 nchi zetu huru ziliwafungia anga makaburu. Ndege za South African Airways zilizozoea kupitia Nairobi zikalazimika kuuzunguka upande wote wa magharibi wa bara, juu ya Atlantiki, na baadaye zikawa zinatua Ilha do Sal, Cape Verde, kuongeza mafuta. Johannesburg haikusogea hata hatua moja kutoka London, lakini kila abiria alionja gharama ya ubaguzi kwa saa alizokaa kitini. Walioamua vile walifanya jambo la haki, na linastahili kufundishwa shuleni.

Aprili 2023 vita vikalipuka Khartoum, anga ya Sudan ikafungwa, na ndege za kati ya Afrika Mashariki na Ulaya zikaanza kuzunguka. Abiria aliyechelewa akamfokea mhudumu. Huyo mhudumu hakufunga chochote. Waliofunga ni majenerali waliogeuza mji mkuu wao kuwa uwanja wa vita, na hao hakuna abiria aliyewataja.