Wapiga picha, bafu la wapangaji si chumba cha giza

KIJANA mmoja alinijia kliniki hapa Mikindani akiwa ameficha mikono mifukoni. Nilipomwambia aitoe niione, vidole vilikuwa vimepasuka kama ardhi ya kiangazi, ngozi imekauka, na kucha zimegeuka rangi ya chai ya rangi. Alikuwa amepaka dawa ya fangasi ya kununua dukani kwa wiki 6 bila nafuu. Nikamwuliza kama anachanganya saruji, kama anafanya kazi gereji, kama anafua kwa sabuni kali. Yote akakataa. Mwishowe akacheka kwa haya akasema, "Daktari, mimi naosha picha."

Nilidhani sikumsikia vizuri. Siku hizi kila mtu ana kamera ndani ya simu, nani angali anaosha picha? Akanieleza kwamba yeye na wenzake 4 wamerudia kamera za filamu, za nyeusi na nyeupe. Kila Jumamosi usiku hukutana kwenye nyumba anayopanga. Wakishalala watu, huziba mlango na dirisha la bafu kwa blanketi, huwasha taa nyekundu, hupanga mabeseni sakafuni na kufanya kazi mpaka alfajiri.

"Na bafu hilo ni lako peke yako?" nilimwuliza.

Akanyamaza kidogo. "La wapangaji wote, daktari. Nyumba ina vyumba 8."

Msomaji mpenzi, hapo ndipo moyo uliponienda mbio. Nilikumbuka mtoto wa miaka 4 ninayemtibu pumu, ambaye mama yake amenilalamikia mara nyingi kwamba kifua humbana zaidi Jumapili asubuhi. Anwani zao zilikuwa moja. Sikumtajia kijana yule habari za mgonjwa mwingine, na siwezi kuapa kwamba dawa za picha ndizo zinazomsumbua mtoto. Pumu ina vichochezi vingi, tangu vumbi la malori ya barabara kuu hadi moshi wa makaa. Lakini tangu siku ile jambo hili halijanitoka, na leo nataka tulizungumze wazi.

Kazi yenye asili yake

Sitaki mtu anielewe vibaya kwamba napinga vijana hawa. Pwani yetu ina historia ndefu ya kazi hii. Mombasa ilikuwa na studio ya N. V. Parekh, Lamu ikawa na ya Omar Said Bakor, na Unguja kuna Capital Art Studio iliyoanzishwa mwaka 1930. Sisi tuliokuwa wadogo miaka ya 1990 tunakumbuka vibanda vya wapiga picha karibu na feri ya Likoni, na maua yake ya plastiki na mandhari zilizochorwa. Wale wa feri walipeleka filamu zao za rangi maabara za mjini. Lakini studio za zamani za nyeusi na nyeupe zilikuwa na vyumba vyao vya giza nyuma ya pazia.

Vijana wanapotaka kuishika tena kazi hiyo kwa mikono yao, na tena kwa kuchangiana vifaa na dawa kwa kuwa ni ghali, mimi nawapongeza. Kinachonitia wasiwasi ni kwamba chumba chao kina washirika wengine ambao hawakuulizwa.

Kilicho ndani ya mabeseni

Kuosha picha huhitaji dawa tatu. Ya kwanza ni ya kuibua picha, ambayo mafundi huiita divelopa. Ndani yake mara nyingi mna haidrokwinoni na kemikali iitwayo metoli, pamoja na magadi ya kuipa nguvu. Haidrokwinoni si mgeni kwetu. Ndiyo ile ile iliyokuwa katika krimu za kujichubua, ambayo Kenya imeipiga marufuku katika vipodozi. Magadi hukausha ngozi na kuipasua, kisha metoli hupenya na kuanzisha mzio. Mzio huo ukishaingia, hauondoki. Hata tone dogo baada ya miaka 10 linaweza kurudisha mwasho ule ule. Dawa za picha za rangi ni kali zaidi kwa ngozi, na zenyewe hutumiwa zikiwa na joto la nyuzi 38.

Dawa ya pili ni ya kusimamisha, nayo ni asidi ya siki. Ikiwa imeshapunguzwa kwa maji huwasha pua na macho tu, lakini ile inayouzwa bila kupunguzwa huunguza ngozi na inaweza kupofusha jicho. Ya tatu ni fiksa, ya kukaza picha isififie. Fiksa ya kawaida ikichanganyika na asidi, na hasa joto likizidi, hutoa gesi ya salfa dioksaidi. Gesi hii hata ikiwa kidogo humbana kifua mwenye pumu.

Sasa fikiria hali yetu. Divelopa ya nyeusi na nyeupe inatakiwa iwe nyuzi 20, lakini maji ya mfereji wa Mombasa ni ya vuguvugu mwaka mzima. Kijana hufanya nini? Huitia dawa kwenye chupa ya soda na kuiweka kwenye friji, kando ya maziwa ya mtoto. Divelopa ikikaa huwa ya kahawia, na aliyeamka usiku na kiu hawezi kuipambanua na soda au chai baridi. Kijana wangu alikiri kwamba hivyo ndivyo wanavyofanya. Tena yale mabeseni asubuhi husuuzwa na kurudishwa jikoni.

"Mbona wazee waliishi?"

Najua jibu litakalokuja. Mbona mafundi wa zamani walifanya kazi hii miaka 30 na hawakufa?

Mjomba wangu alikuwa mmoja wao. Alifanya kazi katika studio moja mjini tangu ujana wake. Chumba chake cha giza hakikuwa na dirisha wala feni. Nilipokuwa mdogo nilidhani kucha za kahawia ni za ukoo wetu. Alistaafu akiwa na kifua kilichomlazimu kulala ameegemea mito 3, na kila alipopita karibu na mtu anayetengeneza achari, ile harufu ya siki ilimfanya akohoe mpaka machozi. Aliishi, ndiyo. Lakini tusihesabu waliokufa peke yao.

Hata sisi watu wa hospitali tulijifunza somo hili kwa taabu. Picha za eksirei zilioshwa kwa dawa za jamii hiyo hiyo, nyingine zikiwa zimeongezwa glutaraldehaidi. Katika miaka ya 1980, mafundi wa eksirei huko New Zealand walianza kulalamika kuumwa kichwa, koo, kifua na moyo kwenda mbio, hata maradhi hayo yakaitwa ugonjwa wa chumba cha giza. Kilichosaidia kwanza kilikuwa hewa. Baadaye zikaja mashine zisizohitaji filamu.

Niseme pia upande wa pili, ili nisiwatie watu hofu bure. Dawa za nyeusi na nyeupe zikitumiwa kwa kiasi, na kwa mikono iliyovikwa glavu mahali penye hewa, hatari yake ni ndogo. Fundi mwangalifu anaweza kuzeeka nazo akiwa mzima.

Maji machafu yanakwenda wapi?

Fiksa iliyokwisha kutumika huwa imebeba madini ya fedha yaliyotoka kwenye filamu. Vijana wetu humwaga chooni. Choo cha nyumba nyingi za Mikindani ni shimo au tangi la maji machafu, na jirani ana kisima. Mengine huteremka mpaka kwenye mikoko ya hori la Tudor, ambako watu huvua.

Sisi wa Mikindani tusihitaji kuambiwa mara mbili juu ya madini. Hapa hapa petu ndipo kilipo kijiji cha Owino Uhuru, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwatia wakazi sumu ya risasi. Phyllis Omido aliyeongoza kilio hicho alipewa Tuzo ya Goldman ya mazingira mwaka 2015. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, na baada ya mvutano wa rufaa Mahakama ya Juu ikaurejesha uamuzi huo Desemba 2024. Silinganishi beseni la vijana 5 na kiwanda. Fedha si risasi, na kiasi ni kidogo mno. Lakini mtindo ni mmoja, wa kumwaga kwa jirani kitu ambacho hajui kilichomo.

Rai yangu: changeni, lakini chumba kimoja cha haki

Watu 5 wakiosha picha katika mabafu 5, ni nyumba 5 zilizo hatarini. Wakichanga kodi ya chumba kimoja, hata kibanda cha nyuma ya duka, wanaweza kununua feni moja nzuri, kabati moja la kufuli na pipa moja la fiksa chafu. Chama cha vijana au jumba la kijamii linaweza kuwapa nafasi. Wenye nyumba nao wasiwafukuze tu, kwa maana aliyefukuzwa hapa atahamia bafu jingine. Waandikishiane masharti. Haya ndiyo ningetaka yabandikwe mlangoni:

1. Hewa ibadilike mara 10 hivi kwa saa. Feni ivute hewa kutoka usawa wa mabeseni na kuitoa nje, isipitishe mvuke usoni pa fundi. Mlango ufunguliwe kila baada ya muda.

2. Dawa ya unga ichanganywe nje, mtu amevaa barakoa na miwani, kwani vumbi lake ndilo baya zaidi. Asidi hutiwa ndani ya maji. Maji hayatiwi ndani ya asidi.

3. Glavu na koleo, kila siku. Atakayeona mwasho aache mara moja, asingoje vidole vipasuke.

4. Beseni na chupa za dawa zisirudi jikoni kamwe. Chupa iandikwe jina na tarehe. Chupa ya soda au ya maji ya kunywa ni marufuku.

5. Usioshe mabeseni kwa jiki. Ikikutana na asidi au fiksa hutoa gesi ya sumu.

6. Pawe na mtungi wa maji safi wa lita 20 usioguswa, maana mfereji wetu tunaujua. Nyaya za umeme zikae mbali na maji.

7. Watoto, wajawazito na wenye pumu wasiingie dawa zikiwa wazi.

8. Fiksa chafu ikusanywe pipani. Ikiachwa na sufu ya chuma ya kusugulia sufuria, madini ya fedha hujishika kwenye chuma. Mabaki wapewe watu wenye leseni ya taka za namna hiyo. Ofisi ya NEMA iulizwe.

Kuna pia njia za kupunguza ukali. Kwa filamu, maji matupu yanaweza kuchukua nafasi ya asidi ya kusimamisha. Ziko divelopa zinazotumia vitamini C badala ya haidrokwinoni na metoli. Wengine ng'ambo huosha filamu kwa kahawa, magadi ya kufulia na vitamini C, na picha hutoka. Sisi Pwani kahawa hatukosi! Ila glavu hazivuliwi kwa sababu ya kahawa, na fiksa bado itahitajika.

Ikitokea ajali

Dawa ikiingia jichoni, lioshe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15, kisha uende hospitali. Mtoto akinywa, usimtapishe. Msuuze mdomo umkimbize Port Reitz au Hospitali Kuu ya Pwani, na uibebe chupa yenyewe. Mtu akibanwa na kifua, mtoe nje kwanza, mengine baadaye.

Kijana wangu alirudi baada ya mwezi. Mikono imepona, lakini nilimweleza kwamba metoli ameagana nayo. Wenzake wamekubali kuacha bafu na wanatafuta chumba. Wenye nyumba wawili wamekwisha kuwakatalia waliposikia neno dawa. Nawaomba wenye nyumba wanaosoma ukurasa huu wawasikilize kwanza, wawaonyeshe masharti haya, ndipo waamue.

Nawe msomaji unayechangia bafu na wapangaji wenzako, ukisikia harufu ya siki usiku wa manane na hakuna anayepika, bisha mlango uulize. Hiyo si fitina. Ni kifua chako na cha mwanao.