Siihami seva yangu ng'o

Jamani, jana tumebishana hapa hosteli mpaka saa saba usiku. Rumeti wangu ameshikilia kwamba programu huria ndizo zilizoniponza, kisa barua yangu ya kuomba fildi iliangukia kwenye spamu na nafasi ikapita. Nakataa! Ile kompyuta kuukuu iliyoko nyumbani ina Debian. Postfix inapeleka barua, Dovecot inanipa nizisome. Postfix kaiandika Wietse Venema, ikatoka 1998, na kazi kazigawa kwa vijiprogramu vidogo vidogo ili kimoja kikivamiwa vingine visiende nacho. Halafu mtu ananiambia cha bure ni hafifu?

Kilichoniponza ni anwani ya IP ya nyumbani, inabadilika-badilika na haina rekodi ya PTR ya kwangu. DKIM nayo sikuweka, uvivu tu. Hapo hata ununue programu ya mamilioni, utatiliwa shaka vile vile.

Sasa zinazotoka nazipitisha kwenye seva ya kukodi. Zinazoingia zinabaki kwenye diski yangu. Umeme ukikatika (na unakatika kweli), anayetuma hujaribu tena. Postfix kwa kawaida huvumilia siku 5. Rumeti, bisha sasa!