Neno "Jumla" Nililolimeza Gangding

Kwenye kipindi cha wiki hii tulicheka sana kuhusu kazi ambayo karibu wote tuliokulia hapa Guangzhou tumewahi kuifanya: kumtafsiria mgeni aliyekuja kununua mzigo. Malipo ni chakula cha mchana Xiaobei na "Mungu akubariki, mwanangu". Nilisema kuna siku niliharibu, halafu nikabadilisha mada. Nilikuwa naona aibu. Leo nawamalizia.

Mjomba wangu ana duka Kariakoo. Alikuja wakati wa Maonyesho ya Canton, yale yanayofanyika mara mbili kila mwaka tangu 1957. Lakini si mnawajua wajomba zetu: wanazunguka maonyeshoni mpaka miguu iume, kisha wanakwenda kununua kwenye maduka madogo. Tukaenda masoko ya kompyuta ya Gangding, Tianhe. Alikuwa na oda ya gesti moja ya Tanga: kamera nane za ulinzi na swichi moja ya PoE.

Kwa ambaye hajakutana nayo, PoE ni umeme unaopita kwenye waya uleule wa mtandao. Waya mmoja unapeleka umeme kwenye kamera na kurudisha picha. Huhitaji soketi juu ya ukuta wala adapta kila kona. Ndiyo maana mafundi wanaipenda.

Dada wa dukani akatutolea swichi ya matundu nane. Kwenye boksi imeandikwa wati 30 kwa kila tundu. Mjomba akaniambia, "Hebu muulize, ina nguvu hiyo?" Nikauliza. Akajibu chapchap: zǒng gōnglǜ liùshí wǎ. Nikamgeukia mjomba: "Anasema wati sitini." Mjomba akatabasamu. Sitini si inazidi thelathini? Tukaingia kwenye bei.

Neno nililoliacha ni zǒng. Maana yake ni jumla. Yaani swichi nzima, kwa matundu yote nane kwa pamoja, inatoa wati 60 tu. Kinachoniuma ni kwamba siku hiyo neno "jumla" nililitamka labda mara hamsini: bei ya jumla, jumla yuan ngapi. Kwenye pesa nililikumbuka, kwenye umeme nikalimeza.

Sasa piga hesabu. Zile kamera mchana zilikula kama wati 5 kila moja. Mara nane ni 40, hakuna tatizo. Usiku zinawasha taa zao za infraredi ili zione gizani, na kila moja inafika wati 9. Mara nane ni 72. Swichi ina 60. Ikifika hapo inakata baadhi ya matundu ili yaliyobaki yaendelee. Kamera sita zikabaki, mbili zikazimika. Asubuhi zote nane zinawaka tena, kama vile hakuna kilichotokea.

Mwenye gesti akasema fundi amefunga vibaya. Fundi akapanda ngazi, akabadilisha vichwa vya waya, akabadilisha na waya wenyewe. Usiku mambo yaleyale. Akanyimwa pesa yake ya kazi. Mpaka siku alipomtumia mjomba picha ya adapta ya swichi, na mjomba akanirushia mimi kwenye WeChat. Imeandikwa wazi kabisa: volti 48, ampea 1.25. Zidisha. Wati 60. Dada wa Gangding hakutudanganya hata kidogo. Aliyedanganya, bila kukusudia, ni mimi.

Wenzangu wawili niliowasimulia waliniambia nisijilaumu: "Wewe ulikwenda kutafsiri, hukwenda kama injinia." Nawaelewa, lakini sikubali. Mjomba hakuwa na njia nyingine ya kusikia. Kichina cha duka kizima kilipita kwenye mdomo wangu. Kama sikuelewa zǒng gōnglǜ ni kitu gani kwenye swichi, nilitakiwa kusema, "Mjomba subiri, hapa sijaelewa." Sekunde tano tu. Sisi watoto wa huku tunaogopa kusema hivyo, kwa sababu tunasifiwa kwa kujua lugha zote. Kumbe sifa ndiyo inayotufanya tubahatishe.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: ukikubali kutafsiri mzigo, jifunze mzigo kidogo kabla ya kutoka nyumbani. Kwa swichi ya PoE, mambo yenyewe ni machache.

Kwanza, usihesabu matundu, hesabu wati. Chukua matumizi ya juu kabisa ya kila kifaa, yale ya usiku, jumlisha, kisha ongeza kama robo ya akiba. Kwa kamera za mjomba, 72 na akiba inafika 90. Nunua swichi yenye jumla ya wati 90 au zaidi.

Pili, uliza kama ni biāozhǔn au fēibiāo. La kwanza ni ya kiwango, la pili ni nje ya kiwango. Swichi ya kiwango inakiuliza kifaa kwanza kama kinahitaji umeme, na kisipojibu, haikipi. Ya nje ya kiwango inasukuma tu, na inaweza kuunguza kifaa kisichoutaka. Viwango vyenyewe: 802.3af ya 2003 inatoa mpaka wati 15.4 kwa tundu, 802.3at ya 2009 mpaka 30, na 802.3bt ya 2018 mpaka 90. Kifaa kinapata pungufu kidogo, maana njiani waya unakula chake.

Tatu, waya. Uwe shaba tupu, usiwe alumini iliyopakwa shaba. Ile ya alumini ni rahisi na nyepesi kwenye kargo, lakini inapoteza umeme zaidi. Na usivuke mita 100.

Nne, jaribu palepale dukani kabla ya kulipa. Chomeka kamera zote nane, kisha zifunike kwa mikono au kitambaa ili zidhani ni usiku. Zikibaki zote zinawaka, lipa.

Mjomba anasema wateja wa Kariakoo hawaulizi wati, wanaulizia bei. Ni kweli, swichi kubwa ni ghali zaidi na ni nzito zaidi kwenye kontena. Lakini swichi ya pili aliyompelekea yule mwenye gesti bure ilimgharimu kuliko tofauti hiyo. Fundi alilipwa baadaye, ila wiki nzima alionekana hajui kazi yake, kwa sababu ya neno ambalo nililiacha mimi huku mbali.

Mjomba hakunigombeza. Alikuja tena msimu uliofuata, akaniita tena. Tulipofika dukani akaniambia, "Haya mwanangu, leo nitafsirie yote." Nilimwomba muuzaji arudie mara tatu. Alichoka na mimi kweli, lakini alirudia.