Kuachilia si Kufuta

Wapo wasemao kwamba Kiswahili ni lugha ya mashairi, si ya mitambo. Mimi nasema kosa si la lugha, ni la wafasiri wasioisikiliza.

Ushahidi ninao. Katika Objective-C, lugha iliyoandikiwa programu nyingi za iPhone, mwandishi wa programu alilazimika kuitunza kumbukumbu ya simu kwa mkono wake. Kila kitu kina hesabu ya wanaokishika. Amri ya "retain" huongeza moja, ya "release" hupunguza moja. Hesabu ikifika sifuri, kitu huondolewa na nafasi yake hurudi. Basi nimekuta "release" ikifasiriwa "futa". Upotoshaji ulioje! Anayeachilia hafuti, huondoa mkono wake tu, na huenda wengine wangali wameshika. Mwanafunzi aliyefundishwa "futa" ataogopa kuachilia, na kumbukumbu itajaa vitu visivyo na kazi.

Tazama sifa ya kitu inapopewa thamani mpya. Kanuni ni hii: shika kipya kwanza, kisha achilia cha zamani. Ukitanguliza kuachilia, na kumbe kipya ndicho kile kile cha zamani kisichoshikwa na mwingine, utakuwa umekipoteza kabla ya kukishika. Kanuni nzima imesemeka kwa vitenzi viwili tu, na hakuna hata kimoja cha kuazima.

Nitajibiwa kwamba tangu 2011 Apple imeleta utaratibu wa kuziweka amri hizo kiotomatiki. Maneno ya nini tena? Ya kazi, kwa kuwa lipo tatizo ambalo utaratibu huo hauliondoi: vitu viwili vinaposhikana. Kila kimoja kimeshikwa na kingine, hesabu haifiki sifuri, na vyote viwili hubaki ingawa hakuna avihitajiye. Dawa ni kimoja kukielekea kingine bila kukishika. Waingereza hulitaja tatizo hilo kwa maneno mawili. Sisi chatutosha kiambishi: shika, shikana.

Enyi malenga, mnaopima mizani na kukesha mkitafuta kina, msiwaachie wahandisi peke yao kazi ya istilahi. Ajuaye tofauti ya acha, achia na achilia ana la kuwafundisha. Na hilo "futa", lifutwe.