SAFU YA UFUNDI: Sanduku Linalohesabu kwa Mbili



Joto la Juni, Julai na Agosti huwafungia watoto wetu ndani, na hapa Muaither, kama kwingineko Qatar, likizo ndefu ya shule hugeuka kuwa mashindano baina ya mzazi na kioo cha simu. Miongoni mwa maswali yanayotufikia, limo moja linalostahili jibu refu. Kijana ameona sinthesaiza ya moduli, yaani chombo cha sauti kilichoundwa kwa visanduku vingi vinavyounganishwa kwa nyaya, na moyo wake umeshikwa. Mzazi haoni ndani yake ila kelele na gharama. Je, amkataze au amnunulie?

Sisi twaona asifanye haraka katika moja wala jingine. Ama hukumu ya muziki wenyewe ina wanavyuoni wake, na kila nyumba inajua inachokifuata. Safu hii haitoi fatuwa. Lakini ndani ya chombo hicho kuna kisanduku kimoja ambacho kazi yake ni hesabu tupu, na hesabu hiyo hiyo ndiyo inayoendesha saa ya ukutani inayotuarifu kuwa wakati umeingia. Jina lake ni kigawanya-frikwensi. Kijana akikielewa hiki kimoja, atakuwa amepata elimu itakayomfaa hata kama hatapiga muziki maisha yake yote.

Frikwensi ni idadi ya mitikisiko katika sekunde moja, nayo hupimwa kwa hezi. Mpigaji udi akibana uzi katikati kabisa, nusu yake iliyobaki hutikisika mara mbili zaidi, na sauti hupanda kwa oktava moja: ni noti ile ile, ila nyembamba zaidi. Kigawanya-frikwensi hufanya kinyume cha hayo. Kikipewa sauti ya hezi 440, hutoa 220. Kisha 110, kisha 55. Kila hatua ni nusu ya iliyotangulia, na kila nusu ni oktava moja chini.

Hugawanyaje? Tazameni kalamu ya kubonyeza. Ukibonyeza mara ya kwanza, ncha hutoka; ukibonyeza tena, hurudi. Ili ncha itoke na kurudi mara moja, kidole hakina budi kubonyeza mara mbili. Saketi ya namna hiyo, inayokaa katika hali moja mpaka isukumwe kwenda nyingine, ilibuniwa na Waingereza wawili, William Eccles na Frank Jordan, mwaka 1918, kwa taa za redio za zama hizo. Zipangeni saketi hizo mfululizo, kila moja ikiibonyeza inayofuata, nanyi mtapata mbili, nne, nane, kumi na sita, na kuendelea. Ndani ya saa ya kawaida ya betri mna kijiwe cha kwatsi kinachotikisika mara 32,768 kwa sekunde. Idadi hiyo ikigawanywa kwa mbili mara 15, hubaki mmoja tu, nao ndio mwendo wa sekunde.

Katika vyombo vya muziki, ufundi huu si mgeni. Kinanda cha umeme cha Novachord, kilichotoka Marekani mwaka 1939, kilikuwa na noti 72, lakini vyanzo vyake vya sauti vilikuwa 12 tu, vya oktava ya juu kabisa. Noti zote nyingine zilipatikana kwa kugawanya. Leo fundi Dieter Doepfer wa Ujerumani ana moduli iitwayo A-115, ambayo hupokea sauti moja na kuitoa katika oktava nne za chini yake, kila moja na kitufe chake cha kiasi.

Mwenye kuitumia hana budi kujua tabia zake tatu. Kwanza, huhesabu sauti moja moja. Ukiipa noti kadhaa kwa pamoja, huchanganyikiwa na kukoroma. Pili, haijali umbo la sauti iliyoingia: hata ikiwa laini kama filimbi, inayotoka ni ya mraba na yenye ukali, kwa hiyo aghalabu hupitishwa katika chujio ili ilainike. Tatu, haijui sauti kubwa wala ndogo. Hujua kuwaka na kuzima tu, kwa hiyo ukubwa wa sauti hupangwa baadaye, katika moduli nyingine.

Lakini ajabu yake kubwa imo katika kuendelea kugawanya. Anzeni tena na 440, mgawanye kwa mbili mara nane. Mtafika kwenye hezi 1.72 hivi, yaani mapigo 103 kwa dakika. Njiani, karibu na hezi 20, sikio huacha kusikia noti na huanza kusikia mapigo mbalimbali. Kumbe noti na mapigo ya ngoma si vitu viwili. Ni hesabu moja katika mwendo wa kasi na mwendo wa taratibu. Mtoto akilisikia jambo hilo kwa sikio lake mwenyewe, hahitaji kulikariri.

Ndiyo sababu kigawanya hutumika pia kupanga mwendo. Chukueni mapigo sita ya saa ya chombo. Kigawanya cha kwanza kigawe kwa mbili, nacho kitapiga mara tatu. Cha pili kigawe kwa tatu, nacho kitapiga mara mbili. Viwili hivyo hupishana na kukutana tena kila baada ya mapigo sita. Aliyekulia Mombasa au Lamu atatabasamu, maana kupishana huko kwa tatu na mbili ndiko kunakoichezesha chakacha. Bibi zetu hawakuhitaji chipu ili kuhesabu hivyo. Ila vigawanya sharti vianze pamoja, kwani kimoja kikianza hesabu katikati, mpishano hauwi ule uliokusudiwa. Ndiyo maana huwekewa tundu la kurudisha hesabu kwenye sifuri.

Sasa tuje kwenye gharama, ambayo ndiyo roho ya swali. Brian Bamanya wa Uganda, ajulikanaye kwa jina la Afrorack, alitamani sinthesaiza ya moduli akaona bei zake hazishikiki. Hakukata tamaa, alijifunza saketi, akajijengea yake mwenyewe. Mwaka 2022 albamu yake ilitolewa na Hakuna Kulala ya Kampala. Twamtaja si ili watoto wetu wote wawe wanamuziki, bali ili waone kuwa mlango uliofungwa na bei huweza kufunguliwa na elimu.

Kwa hiyo, badala ya kununua chombo kizima, nunueni chipu mbili: 555, ambayo hutoa mapigo, na 4040, ambayo hugawanya kwa mbili mara 12. Ongezeni ubao wa kuchomeka nyaya, rezista na kapasita chache, taa ndogo ya LED na betri ya volti 9. Katika 4040, mguu wa 16 huenda upande chanya wa betri na wa 8 upande hasi. Mapigo huingia mguu wa 10. Mguu wa 11, ambao ni wa kurudisha hesabu, uunganishwe na upande hasi, la sivyo chipu haitahesabu kwa utulivu. Sauti ya nusu hutoka mguu wa 9, ya robo mguu wa 7, na ya thumni mguu wa 6. Taa, pamoja na rezista yake, iwekwe mguu wa 13, ambako idadi imegawanywa kwa 256. Hapo jicho litaona kile ambacho sikio haliwezi tena kukiita noti.

Tahadhari mbili. Umeme wa ukutani hapa Qatar ni volti 240, nao si mchezo: kazi yote ifanywe kwa betri. Na sauti ipitishwe kwenye rezista ya kuipunguza kabla ya kuingia katika spika yenye amplifaya, wala kijana asivae spika za masikioni kabla hajaijua nguvu yake. Kisha azivae, maana kuta zetu nyingi ni za pamoja na jirani, na haki ya jirani haigawanyiki kwa mbili.

Ndugu wazazi, tunaishi katika nchi ambayo kila kitu hupatikana dukani, na hatari yake ni kwamba watoto wetu watajua bei ya vitu wasijue vinavyofanya kazi. Watakaporejea Tanga, Zanzibar au Malindi, simu waliyoondoka nayo itakuwa imeshachakaa. Walichokielewa kwa mikono yao hakitachakaa. Kaeni nao mezani jioni moja, mhesabu pamoja.

Wassalaam.