Msimwite mtoro

 Wiki iliyopita tuliongea kuhusu homa ya mtoto mchanga. Leo naleta jambo zito kidogo. Ni maoni yangu mimi kama nesi, nimetoka zamu, miguu iko kwenye beseni la maji ya moto.

Kuna neno tunalitumia sana sisi wahudumu wa kliniki ya tiba na matunzo, ile ambayo wote mnaijua kwa jina la CTC. Neno lenyewe ni "mtoro". Mtu akikosa tarehe yake ya kuchukua dawa, halafu akakosa tena, jina lake linaingia kwenye orodha ya watoro. Tunalitamka bila hata kufikiri, kama tunavyosema sindano au bandeji. Mimi naomba tuliache. Siyo kwa sababu ya adabu tu. Nimeona linavyoweza kumgharimu mtoto.

Ngoja niwaeleze, na mniwie radhi kwa sababu mkosaji ni mimi.

Miaka kadhaa iliyopita, kwenye kituo nilichokuwa nafanyia kazi kabla ya hapa nilipo, alikuja mama mmoja na mtoto wa miezi mitano mgongoni. Tulikuwa tunamfahamu. Alipimwa akiwa mjamzito, akaanza dawa, akajifungua salama. Mtoto alipewa dawa ya kinga tangu alipozaliwa, na kipimo chake cha wiki ya 6 kikaonyesha hana maambukizi. Tulifurahi naye siku ile. Baada ya hapo akahamia shambani na mume wake kwa msimu wa kilimo, huko ndani kabisa. Dawa zikaisha, mvua zikakata njia, nauli hana. Akapotea miezi miwili na zaidi.

Siku aliyorudi foleni ilikuwa imejaa, mwenzangu anaumwa, niko peke yangu tangu asubuhi. Nilipomwona nikasema kwa sauti, "Haya jamani, mtoro wetu leo kajileta mwenyewe." Watu wakacheka. Na yeye akatabasamu, akaenda kukaa kwenye benchi. Nikahudumia wateja watatu. Nilipoinua kichwa kumwita, benchi lilikuwa tupu.

Alirudi baada ya miezi minne. Mtoto amekonda, ana kikohozi kisichoisha. Tukachukua matone ya damu, tukapeleka, na majibu yakaja yale ambayo sikutaka kuyaona. Akaniambia taratibu tu, "Dada, siku ile niliona aibu. Kuna jirani yangu alikuwa kwenye ile foleni ya watoto pale nje."

Sijui maambukizi yaliingia siku gani. Huenda yalishaingia kabla hata sijafungua mdomo. Lakini miezi minne ile ya kunyonyesha bila dawa najua ilianzia wapi. Mtoto yule yupo hai, alianzishwa dawa siku ileile ya majibu na sasa hivi anasoma. Namshukuru Mungu. Ila kila siku anameza dawa ambazo pengine asingekuwa anazihitaji.

Sasa kwa nini miezi ni kitu kikubwa namna hii? Mama mwenye VVU akimeza dawa zake vizuri, virusi vinafubaa, vinapungua kwenye damu na kwenye maziwa. Akiacha, virusi havisubiri mwaka. Ndani ya wiki chache vinaanza kupanda tena, na mtoto yuko kwenye ziwa usiku na mchana. Bila dawa yoyote, kati ya watoto 100 wanaozaliwa na kunyonyeshwa na mama wenye VVU, kuanzia 15 hadi 45 wanaambukizwa. Mama akitumia dawa vizuri tangu ujauzito mpaka mwisho wa kunyonyesha, wanabaki chini ya 5. Tofauti hiyo yote ni kidonge kimoja kwa siku na mtu wa kukupa bila kukutukana.

Na kwa mtoto aliyeambukizwa, muda ni mfupi zaidi kuliko kwa mtu mzima. Asipotibiwa, karibu theluthi ya watoto hao hufariki kabla ya kutimiza mwaka mmoja, na nusu kabla ya miaka 2. Akianzishwa dawa mapema mambo yanabadilika kabisa. Utafiti mmoja wa Afrika Kusini uliotangazwa mwaka 2008 ulionyesha kuwa kuanza dawa ndani ya wiki 12 za mwanzo kulipunguza vifo vya watoto kwa asilimia 76. Siku hizi kuna hata vidonge vya watoto vinavyoyeyuka kwenye maji. Ile dawa ya maji ya zamani ilikuwa chungu, mtoto anaitapika yote kwenye kanga yako.

Kwa hiyo dawa zipo. Nchi yetu ilianza kutoa dawa hizi bure mwaka 2004. Kuanzia mwaka 2013 mjamzito au anayenyonyesha akikutwa na VVU anaanza dawa hapohapo na anaendelea nazo maisha, hakuna kusubiri kinga ishuke. Mwaka 2016 ikawa hivyo kwa kila mtu. Na zinafanya kazi: utafiti wa kitaifa wa UKIMWI wa mwaka 2022/2023 ulikuta kwamba kwa watu wazima wanaotumia dawa, takriban 94 kati ya 100 virusi vyao vimefubaa. Hata wanaojua hali zao, karibu wote, 98 kati ya 100, walikuwa kwenye dawa. Kubwa lilikuwa kwa wasiojua: kati ya watu 100 wenye VVU, 17 hivi hawakuwa wanajua.

Ukiangalia namba hizo unaweza kusema kazi imeisha. Lakini njoo huku kwetu Katavi uone maisha yalivyo. Litapunga na vijiji vya jirani ni watu wa kuhamahama kwa kazi. Msimu wa mvua familia zinahamia shambani, kwenye mahindi, kwenye tumbaku. Wengine wanafuata machimbo ya dhahabu, wengine wanafuata malisho ya ng'ombe. Jirani zetu wa Katumba wengi ni watoto na wajukuu wa watu waliokimbia Burundi mwaka 1972, wana ndugu huku na kule. Kliniki inampa mtu tarehe kwenye kadi kama vile kila mtu anakaa mtaa wa pili. Halafu daraja linajaa maji, bodaboda anapandisha bei, mume anauliza "kila mwezi unaenda mjini kufanya nini?", na huyo mama hajamwambia. Huyu ndiye tunamwita mtoro. Mtoro ni mwanafunzi anayeruka ukuta kwenda kucheza mpira. Mama aliyetembea na mtoto mgongoni kuja kuomba dawa baada ya kukosa, huyo katoroka nini?

Najua wenzangu mtasema, "Sista, kuna wengine ni wazembe kweli." Sawa, wapo. Nimewahi kukutana na mtu ana bodaboda yake mwenyewe, anakaa jirani na kituo, na haji. Na mtu akiachaacha dawa anaweza kutengeneza usugu, hilo ni tatizo kubwa, lazima tumwambie ukweli. Lakini ukweli huo tumwambie ndani, mlango umefungwa, baada ya kumkaribisha na kumpa dawa. Ukianza na fimbo, yule mzembe hatabadilika, na yule aliyekwama kwa nauli hatarudi. Umewapoteza wote wawili.

Kuna jambo lingine limeongezeka. Mwezi Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya huduma za VVU nchini imebebwa na mpango wao wa PEPFAR, ulioanza mwaka 2003, na ndani yake walikuwemo wale wanaokupigia simu ukikosa tarehe au kukufuata hadi nyumbani. Uvumi nao ukaenea haraka kuliko taarifa: mara dawa zitauzwa, mara kliniki zinafungwa. Mimi nimejifunza kitu kimoja. Yule wa kumfuata mama shambani anaweza asiwepo kesho. Basi itategemea mama mwenyewe kurudi kwa miguu yake. Na atarudi pale tu anapojua hatachekwa.

Sasa mama, naongea na wewe unayesoma umejifunika shuka ili simu isionekane.

Kama umekosa dawa, wiki moja, miezi mitatu, mwaka, njoo. Njoo kesho. Usisubiri upigiwe simu, usisubiri upate uongo mzuri wa kuniambia. Njoo na mtoto, apimwe hata kama kipimo cha kwanza kilikuwa safi, maana mtoto anayenyonya bado yuko kwenye hatari mpaka umalize kunyonyesha na apimwe tena mwishoni. Usimwachishe ziwa ghafla kwa hofu, wala usianze kumpa uji kabla ya miezi 6 kwa kudhani unamkinga. Njoo tupange pamoja.

Kama unasafiri kwenda shamba au machimbo, sema kabla. Omba dawa za kukutosha, na omba barua ya uhamisho ukienda kukaa. Ile kadi yako ya CTC tembea nayo. Ukiishiwa ukiwa ugenini, ingia kwenye CTC yoyote iliyo karibu, waonyeshe kadi, waeleze. Dawa ni zilezile.

Na wewe uliyepimwa mwanzo wa mimba ukakutwa huna VVU, usikunje kadi ukasema nimemaliza. Pima tena kama unavyoelekezwa, pamoja na mwenza wako. Mama akiambukizwa wakati ananyonyesha virusi vinakuwa vingi sana, na yeye hana habari.

Kina baba, mke wako akisema anaenda kliniki mpe nauli, maswali baadaye. Mama mkwe, mkwe wako akimeza kidonge usiku, usimchunguze kopo. Na wewe uliye kwenye foleni ya watoto, ukimwona jirani anaingia mlango ule mwingine, angalia mtoto wako.

Manesi wenzangu, najua tumechoka. Tuko wachache, foleni ni ndefu. Lakini kumwambia mtu "karibu, afadhali umekuja" kunachukua muda uleule wa kusema "mtoro". Mimi sasa hivi mtu akirudi ndiyo sentensi yangu ya kwanza. Halafu namuuliza kilichotokea, na hapo ndipo ninapojua kama shida ni nauli, ni mume, au ni dawa zinamsumbua tumbo. Kila shida ina dawa yake.

Yule mama bado namwona. Hajawahi kukosa tarehe tangu wakati ule. Mwaka jana nilimwomba msamaha, akacheka, akasema alishasahau. Mimi sijasahau.

Mfikishieni dada mmoja ujumbe huu bila kumwambia kwa nini umemtumia yeye. Wiki ijayo tutaongea kuhusu namna ya kumwambia mwenza wako majibu yako, maana maswali inboksi yamekuwa mengi. Usiku mwema.