Ajenti Akikuambia "Andika Tu ni ya Kibinafsi"

Wasee, kuna swali kwa fomu ya bima ya gari ambalo watu hulipita mbio: gari litatumika kwa kazi gani? Una Vitz, unabeba watu wa Bolt kutoka asubuhi hadi usiku, halafu unaandika "matumizi ya kibinafsi" kwa sababu bima ya teksi ni ghali. Mara nyingi ajenti mwenyewe ndiye anakushauri. Yeye anataka kamisheni leo. Sahihi ni yako, manze.

Hesabu naielewa. Mafuta ni noma, programu inakata yake, mwenye gari anangoja pesa jioni. Lakini kampuni haijawahi kuona gari lako likifanya kazi. Inajua tu ulichoandika, na bei inatoka hapo. Siku ya kulipa hakuna anayekuuliza kitu. Unatuma pesa, cheti kinaingia kwa simu. Maswali huanza ukishagonga. Mpelelezi anamuuliza abiria alilipa ngapi, abiria anatoa risiti kwa simu. Imeisha hiyo.

Kuna wale husema, "Si namdanganya tu tajiri?" Hapo ndio nakataa kabisa. Sheria yetu ya bima ya magari, Sura ya 405, inailazimu kampuni kumlipa mtu uliyemuumiza akishinda kesi, hadi shilingi milioni 3. Lakini kifungu cha 10 kinaiachia mlango: ikienda kortini kabla ya kesi kuanza, au ndani ya miezi 3 baada ya kuanza, ithibitishe ulidanganya au ulificha jambo kubwa kwa fomu, inaweza kuachiliwa. Sasa yule mama wa mboga uliyemvunja mguu pale Jogoo Road anabaki kukudai wewe, na Vitz yenyewe ni ya mkopo. Yeye hakuwahi kuiona hiyo fomu.

Kampuni nazo si malaika. Fomu ni maandishi madogo madogo, Kiingereza cha mawakili, na hakuna mtu hukaa chini akuelezee. Hiyo ni lawama yao, na ni ya haki.

Bado, mwambie ajenti aandike teksi. Kama bei ya mwaka inakushinda, uliza ya mwezi mmoja, zipo. Piga picha ya kila ukurasa kabla ya kutia sahihi. Akikucheka, si kuna ajenti mwingine hapo mbele?